Mbaraka Hakuimba kwa Sauti ya Mtoto

Fungua YouTube utafute wimbo wa zamani wa huku kwetu: Mbaraka Mwinshehe, Simba Wanyika, Atomic Jazz, yeyote umpendaye. Utaletewa nakala tele za wimbo uleule. Sikiliza mbili kwa kufuatanisha. Mara nyingi moja iko juu kuliko mwenzake. Magitaa yanakwenda mbio, na mwimbaji mzima na ndevu zake kawa na sauti ya mtoto wa madrasa. Mbaraka hakuimba hivyo. Kuna mtu mahali fulani alikuwa na santuri nzuri na pleya mbovu, akarekodi, akapandisha mtandaoni, na leo vijana wanaichukulia sauti hiyo kuwa ndiyo ya Mbaraka.

Mimi ni fundi wa redio, amplifaya na pleya za santuri. Meza yangu iko Ntinda, hapa Kampala, upande wa barabara ya kwenda Kisaasi, katikati ya saluni na kijana anayetengeneza simu. Kwetu ni Tanga, lakini nimekaa hapa hadi nimezoea kuitwa "ssebo", yaani bwana. Wateja wangu wapenda muziki ni wa madhehebu mawili. Wa kwanza ni watu wazima, wengi wao wastaafu wa Ministers' Village na mitaa ya jirani, wenye kabati la santuri sebuleni ambalo wajukuu wamekatazwa kuligusa. Wa pili ni vijana: ma-DJ, wanafunzi wa Kyambogo, watu wa ofisini wenye hedifoni za pesa nyingi. Wazee wanasema dijitali haina roho. Vijana wanasema wazee wamezoea makwaruzo tu. Siku moja walibishana mbele ya meza yangu mpaka kule saluni wakazima draya ili wasikie vizuri.

Nina maoni yangu, na nitayasema. Ila nusu ya ubishi huu inatokana na kutojua vitu vyenyewe vinafanyaje kazi, kwa hiyo tuanzie hapo.

Santuri ya plastiki, ile kubwa ya inchi 12 iitwayo LP, ina mfereji mmoja tu kila upande. Mmoja, unaojizungusha kutoka ukingoni hadi karibu na lebo. Ungeweza kuunyoosha, ungepata kama nusu kilomita. Kuta za mfereji huo zimechongwa mawimbi ya sauti yenyewe. Sindano yenye ncha ya almasi inapita humo, inatikisika jinsi kuta zinavyoitaka itikisike, na mtikisiko ule unageuzwa kuwa umeme kidogo sana ndani ya kichwa cha mkono wa pleya. Kampuni ya Columbia ya Marekani ilileta santuri hiyo ya mizunguko 33 na theluthi kwa dakika mwaka 1948. Mwaka uliofuata RCA wakaja na ndogo ya inchi 7, inayozunguka mara 45, na hiyo ndogo ndiyo iliyotawala Afrika Mashariki. Kabla yao zilikuwepo zile nzito za mizunguko 78, zilizotengenezwa kwa shelaki, utomvu unaotolewa na wadudu wa India. Mwimbaji Siti binti Saad alipovuka bahari kutoka Zanzibar kwenda Bombay mwaka 1928 kurekodiwa, santuri zilizotoka ni za aina hiyo. Ikikuponyoka mkononi, unaokota vipande.

Sasa besi. Mawimbi ya besi ni mapana, na yakichongwa yalivyo, mfereji utaingia kwenye mfereji wa jirani. Kwa hiyo wakati wa kuchonga, besi hupunguzwa na sauti nyembamba huongezwa, kwa kipimo ambacho kampuni za Marekani zilikubaliana mwaka 1954 na dunia nzima ikakifuata. Amplifaya ya santuri inajua kurudisha kila kitu mahali pake. Sabufa yako haijui. Kijana ananunua pleya, anaichomeka moja kwa moja kwenye sabufa, anasikia sauti nyembamba isiyo na kifua, ananiletea akidai sindano imekufa. Sindano ni nzima. Kinachokosekana ni kidude kidogo cha kukaa katikati, na kinapatikana. Na tafadhali usiweke pleya juu ya sabufa. Sindano haijui kutofautisha mtikisiko wa mfereji na mtikisiko wa kitu ambacho pleya imewekwa juu yake, itasoma yote miwili, na nyumba nzima itavuma.

Dijitali ni hesabu. CD ilipoingia sokoni mwaka 1982, ilikuja na kanuni ya kupima wimbi la sauti mara 44,100 kila sekunde na kuandika namba. Hapa ndipo wazee wangu wanaposhika bango: namba ni ngazi, wanasema, na wimbi ni mteremko, kwa hiyo kuna kitu kinapotea baina ya daraja na daraja. Nina osiloskopu kuukuu mezani. Nimewawekea CD na kuwaonyesha wimbi linalotoka: laini, halina ngazi hata moja. Mashine inayorudisha namba kuwa sauti haichori madaraja, huchora mkunjo mmoja unaopita kwenye namba zote, na kwa sauti zote ambazo sikio la binadamu linaweza kusikia, yaani hadi mitikisiko 20,000 kwa sekunde, mkunjo huo ni mmoja tu, hauna mwenzake. Kwa vipimo, CD inaishinda santuri. Umbali baina ya sauti ndogo kabisa na kubwa kabisa kwenye CD ni kama desibeli 96. Santuri nzuri huishia kwenye 70 hivi, na makwaruzo juu yake.

Basi mbona mzee anasikia santuri yake ikiwa tamu zaidi? Kwa sababu ni kweli ni tamu zaidi kuliko anachoilinganisha nacho. Yeye hailinganishi na CD. Anailinganisha na wimbo ambao mjukuu wake aliuchukua kibandani kwenye flash, pamoja na nyimbo nyingine elfu moja, na kibanda kiliuchukua WhatsApp, na huko WhatsApp ulifika baada ya kubanwa mara ngapi, Mungu ndiye ajuaye. MP3, iliyobuniwa na watafiti wa taasisi ya Fraunhofer ya Ujerumani, hupunguza ukubwa wa faili kwa kutupa sauti ambazo sikio halitazikosa, kwa mfano sauti ndogo iliyofunikwa na kubwa. Ukiibana kwa kiasi, hutambui iliyobanwa na isiyobanwa. Nimewajaribu vijana na wazee kwa zamu, kwa amplifaya moja na sipika zilezile, na wote hubahatisha. Ukiibana mpaka ikonde ili nyimbo nyingi zienee kwenye flash, matoazi yanaanza kusikika yamelowa maji. Kisha wimbo huo unapigwa kwenye simu, na santuri inapigwa kwenye sipika za mbao za miaka ya 1970 zenye kimo cha mtoto wa darasa la kwanza. Huo si ushindani.

Na wapenda santuri wanaojiona wana masikio makali pia wana yao. Kuna kampuni ya Marekani, Mobile Fidelity, iliyojipatia jina kwa kuuza santuri za bei ghali kwa watu wasiotaka dijitali ipite hata mlangoni. Mwezi Julai 2022 mwenye duka moja la santuri huko Phoenix, Arizona, alifichua kwamba kwa miaka kadhaa nyingi ya santuri hizo zilipitia hatua ya dijitali kabla ya kuchongwa. Wapenzi waliokuwa wakizisifu kwa usafi wao walikuwa wamezisikiliza miaka yote hiyo wasitambue. Mwaka uleule, Wamarekani walinunua santuri milioni 41 dhidi ya CD milioni 33; ilikuwa mara ya kwanza tangu 1987 santuri kuzishinda CD kwa idadi.

Nilipomsimulia mzee mmoja mteja wangu kisa cha Phoenix, alicheka. "Hayo ni ya Wamarekani, fundi. Santuri zangu zilipikwa Nairobi."

Alisema kwa utani, lakini ndipo penye jambo lenyewe.

Marekani, santuri ni nakala. Mkanda mama, ule uliorekodiwa studio, umefungiwa kwenye ghala lenye baridi, na ukitaka santuri mpya, au CD, au faili la simu, vyote vinatoka kwenye mkanda ule. Hapo unaweza kukaa ukabishana kipi kizuri. Kwetu mambo hayakwenda hivyo. Nairobi ndiyo ilikuwa kiwanda cha muziki wa kanda nzima. Miaka ya 1960 studio ya Equator Sound ya Charles Worrod iliwatoa Fadhili William na Daudi Kabaka, na Waganda akina Fred Masagazi na Charles Sonko walikwenda kurekodi hukohuko. Bendi za Tanzania zilirekodi kwenye mikanda ya Radio Tanzania Dar es Salaam, na santuri zao zikatengenezwa Nairobi. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa. Kisha kaseti zikaingia, na kila mwenye redio ya kaseti mbili akawa kiwanda cha wizi. Kampuni zikafunga au zikauzwa. Mikanda mama mingi ikarekodiwa juu, au ikaota ukungu, au ikatupwa na watu waliohitaji nafasi. Hapa Uganda ongeza vita vya 1979, uporaji, na familia zilizokimbia zikiacha kila kitu ndani.

Kwa nyimbo nyingi, kilichobaki ni santuri za kwenye makabati. Ndiyo maana kampuni za ng'ambo zinazotoa upya muziki wetu mara nyingi huanzia kwenye santuri ya mtu binafsi: mkanda mama haupatikani. Kwa hiyo vijana wangu wa dijitali wanapowacheka wazee, wanasahau kwamba ule wimbo wa zamani walio nao kwenye simu mara nyingi ni mtoto wa santuri fulani. Na wazee wanaponuna wakisema dijitali isiguse kabati lao, wanasahau kwamba kabati lina mchwa. Mimi sibishani tena kuhusu kipi kitamu. Ninachouliza ni nani aliyehamisha wimbo huo kutoka mferejini kuuingiza kwenye namba, na alijua anachofanya?

Maana wengi hawajui. Kosa la kwanza ni kasi. Mzee huyohuyo aliyecheka alipelekewa pleya na binti yake aliye Boston, mashine nzito ya zamani ya Kimarekani, na binti akakumbuka kununua transfoma ya kushusha umeme wetu wa volti 240 hadi 110. Mzee akaweka santuri, bendi ikaanza kupiga usingizini.

"Fundi, mashine imelewa," aliniambia.

Haikulewa. Mota za pleya nyingi za zamani huhesabu mapigo ya umeme. Umeme wa Marekani hupiga mara 60 kwa sekunde, wa kwetu 50, na transfoma hushusha volti lakini haigusi mapigo. Santuri ya mizunguko 45 ilikuwa inazunguka mara 37 na nusu. Dawa yake ni puli, kile kigurudumu cha shaba kwenye shingo ya mota: nilikwenda Katwe, kwa mtu mwenye mashine ya kukereza vyuma, akanitolea kipana zaidi kwa sehemu moja ya tano, pleya ikalevuka. Sasa geuza hadithi. Mtu anahamia Marekani na pleya aliyonunua Nairobi, anatafuta umeme wa volti 240, anawasha: 45 inakuwa 54. Anarekodi nyimbo za nyumbani kwa uchungu wa kukumbuka kwao, anazipandisha mtandaoni. Huyo ndiye Mbaraka mwenye sauti ya mtoto. Na si lazima kosa liwe kubwa kiasi hicho. Mizunguko 47 badala ya 45 inatosha kupandisha wimbo karibu robo tatu ya nusutoni, na mpiga gitaa anayejifunza kwa kufuatisha rekodi hiyo atahangaika kulitune gitaa lake asijue mchawi ni nani.

Kupima kasi hakuhitaji mashine. Unachukua duara la karatasi lenye mistari 180 iliyopangwa sawasawa, unaliweka juu ya pleya, unaliangaza kwa taa inayopepesa na umeme wa mapigo 50. Mistari ikisimama tuli, uko kwenye 33 na theluthi kamili. Ikitambaa mbele unakimbia, ikirudi nyuma unachelewa. Taa nyingi za LED za siku hizi hazipepesi ipasavyo, kwa hiyo nimetunza kitaa kimoja cha neoni, na kila anayekuja kukiazima namwambia kimeungua.

Kosa la pili linaniudhi kuliko la kwanza. Nyimbo zetu za dansi zilikuwa ndefu, na upande mmoja wa santuri ya 45 hubeba dakika chache tu. Wakazikata: upande A mashairi, upande B sebene. Mtu anarekodi upande A, anaona kamaliza. Kuna wimbo kijana mmoja DJ ameupiga miaka katika baa za hapa Ntinda bila kujua kwamba una nusu ya pili. Siku aliyousikia mzima mezani kwangu, alinitazama kama niliyemficha urithi.

Ukitaka kuona uzito wa jambo hili, panda taksi ya Kira Road, pita Bukoto na Kamwokya, ushuke Uganda Museum. Klaus Wachsmann alikuwa msimamizi wa jumba hilo kuanzia 1948 hadi 1957, akazunguka nchi akirekodi muziki. Hugh Tracey naye alipita mwaka 1950 na tena 1952, akawarekodi wanamuziki wa Kabaka, mfalme wa Buganda, na baadhi ya kazi yake ikatolewa kwenye mfululizo wa santuri uitwao The Sound of Africa. Miongoni mwa ngoma za ikulu ilikuwemo entenga: ngoma 12 za kupigia mahadhi, kila moja imewambwa kwa sauti yake. Mei 1966 jeshi la Rais Obote lilishambulia ikulu ya Mengo. Kabaka akakimbia, wapigaji wakatawanyika, vyombo vikateketea. Zilizosalimika ni rekodi, na kumbukumbu za watu wachache. Nakala za Wachsmann zilizokuwa Uingereza zimerudishwa Makerere, na jirani zangu wa Chuo Kikuu cha Kyambogo, chini ya mwalimu James Isabirye, wamewafundisha vijana kupiga entenga upya, wakimtegemea mzee aliyebaki wa wapigaji wa zamani. Fikiria kama rekodi ya ngoma kama hizo ingehamishwa na yule bwana wa mizunguko 54. Vijana wangeziwamba ngoma zote 12 kwa sauti isiyo yake, na baada ya yule mzee asingekuwepo wa kuwasahihisha.

Wakati huohuo kuna mto unaopanda mlima, kutoka kwenye namba kuingia mferejini. Nyege Nyege Tapes, lebo ya hapahapa Kampala, ilitoa mwaka 2017 Sounds of Sisso, mkusanyo wa singeli ya Dar es Salaam. Singeli imezaliwa kwenye kompyuta, imekua kwenye simu na sipika za vigodoro, zile sherehe za mtaani, haijawahi kuonana na sindano; na wapenzi wa Ulaya wanainunua kwenye santuri. Sina ugomvi nao. Angalau wanamuziki hao mafaili mama wanayo, kama hayajafutwa kupisha michezo ya mpira.

Wenye makabati, nisikilizeni basi. Santuri zisimame wima, mbali na dirisha na mbali na bati linalochemka. Zikilazwa kwa rundo zinapinda. Zioshe kwa maji ya betri, yale safi yasiyo na asidi, yanayouzwa vituo vya petroli, na tone moja la sabuni ya vyombo, lebo isilowe. Zile za mizunguko 78 usizifute kwa spiriti hata kidogo, maana spiriti huyeyusha shelaki, na zina sindano zao nene, usizichokoe kwa ya LP. Epuka pleya za mkoba zinazouzwa kwa rangi zake nzuri: mkono wake hukandamiza kwa gramu tano na zaidi, wakati kichwa cha kawaida kinatosheka na mbili.

Ninapohamisha, narekodi kwa vipimo 96,000 kwa sekunde, biti 24, na siibani: dakika moja hula megabaiti 35 hivi. Faili hilo la kwanza siligusi, na makwaruzo yake. La pili nalisafisha, na la tatu ni MP3 ya wajukuu. Mzee wangu wa pleya ya Boston huchukua la kwanza, DJ huchukua la pili, na wote wawili wananidai punguzo. Mzee kabati lake haruhusu litoke nje ya geti, kwa hiyo DJ humfuata kwake Jumapili baada ya misa, anamwita "jajja", yaani babu, anabeba amplifaya yangu kwa boda, na wanarekodi huko huku mzee akisimamia sindano mwenyewe. Kazi yangu imebaki kuwakumbusha waandike. Jina la faili liwe na mwimbaji, bendi, wimbo, lebo, na ile namba ndogo iliyochapwa kwenye lebo na kukwaruzwa kwenye plastiki pembeni yake, kwa kuwa namba hiyo ndiyo itakayomwezesha mtu wa Mombasa au Mwanza kujua kama santuri aliyo nayo ni ileile au ni nyingine. Halafu A au B. DJ ameanza kuweka B peke yake, anasema watu wa baa hawana haja na mashairi. Mzee bado hajaambiwa.